Mtambo wa Baridi Unapougua: Kubadilisha Beringi za Mota Hospitalini

Saa moja asubuhi, siku ya Jumatatu, muuguzi wa wodi ya mifupa katika hospitali moja kubwa ya mwambao alikwenda kitandani kwa bibi mmoja kumpa habari isiyopendeza. Bibi huyo alikuwa amelazwa ili abadilishiwe nyonga iliyolika. Alikuwa hajatia kitu kinywani tangu usiku, ameshaoga, ameshavaa gauni la upasuaji. Akaambiwa kwamba upasuaji wake umeahirishwa.

"Mwanangu," akauliza, "nimelala na njaa, na daktari mwenyewe nimemwona kapita hapa sasa hivi. Kimekosekana nini?"

"Bibi, mtambo wa baridi umeharibika."

"Basi mimi hiyo baridi siitaki. Nipasueni hivyo hivyo."

Jibu hilo liliwachekesha wagonjwa wa vitanda vya jirani, lakini hoja ya bibi ilikuwa ya haki. Mgonjwa aliyesafiri kwa basi usiku kucha, aliyeuza mbuzi wawili apate nauli na fedha za kujikimu, anastahili kuelezwa ni vipi kiyoyozi kinaweza kuzuia kazi ya daktari. Na ukweli ni kwamba kilichokuwa kimeharibika si kiyoyozi chote, wala si mtambo wote. Kilichoharibika ni pete za chuma zenye kipenyo kisichofika sentimita 20, zilizofichwa ndani ya mota iliyo nyuma ya jengo la kufulia, mahali ambapo madaktari wengi wa hospitali hiyo hawajawahi kukanyaga.

Baridi ya chumba cha upasuaji ni ya nini

Watu wengi hudhani kwamba baridi ya chumba cha upasuaji ni kwa ajili ya kuwaburudisha madaktari. Kiasi fulani ni kweli: mpasuaji aliyevaa kofia, barakoa, gauni na wakati mwingine aproni ya risasi ya kujikinga na mionzi hutoka jasho jingi, na tone la jasho likidondoka kwenye kidonda limebeba bakteria wa ngozi. Lakini kazi kubwa zaidi ni ya hewa yenyewe. Miongozo ya uhandisi wa hospitali inayofuatwa katika nchi nyingi hutaka joto la chumba cha upasuaji liwe kati ya nyuzi 20 na 24 za Selsiasi, unyevu wa hewa usizidi asilimia 60, na hewa ya chumba ibadilishwe angalau mara 20 kwa saa, ikipita kwenye vichujio. Hewa hiyo husukumwa kwa kani kidogo ili mlango ukifunguliwa itoke nje, isiwe hewa ya korido ndiyo inayoingia ndani.

Mwambaoni, adui mkubwa ni unyevu. Wakati wa kaskazi hewa ni nzito kiasi kwamba chupa ya soda iliyotoka kwenye jokofu hulowa mara moja. Ndivyo hasa mtambo unavyoikausha hewa ya hospitali: huipitisha juu ya mabomba yenye maji ya nyuzi 7 hivi, unyevu ukagandamana na kudondoka, hewa kavu ikaendelea na safari. Maji hayo yasipokuwa ya baridi, feni zitaendelea kusukuma hewa, lakini itakuwa hewa ya joto na ya majimaji. Vifurushi vya vifaa vilivyotakaswa vikipata unyevu huhesabiwa kuwa vimechafuka, kwa sababu kitambaa au karatasi iliyolowa hupitisha vijidudu. Kwa bibi huyu kulikuwa na jambo la ziada: saruji ya mifupa, ile inayotumika kugandisha kiungo bandia, hukauka haraka zaidi chumba kikiwa na joto, na dakika chache alizonazo mpasuaji za kukiweka kiungo sawasawa hupungua.

Hata hivyo bibi hakukosea kabisa kuikataa baridi. Mwili wa mgonjwa aliyelazwa usingizi hupoteza joto upesi, na mgonjwa aliyepoa sana hutokwa na damu zaidi na kidonda chake hupata maambukizi kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo chumba hupozwa, lakini mgonjwa mwenyewe hufunikwa na kupashwa joto. Wahudumu wanaosahau nusu ya pili ya kanuni hii wapo.

Kinachozunguka nyuma ya jengo la kufulia

Hospitali kubwa haipozwi kwa viyoyozi vidogo vya ukutani. Hutumia mtambo mmoja au zaidi wa kupoza maji, ambao mafundi huuita chila. Maji yaliyopozwa husambazwa kwa mabomba hadi kwenye vyumba vya upasuaji, maabara, stoo ya dawa na chumba cha MRI. Sumaku ya MRI nayo hukaa ndani ya heliamu ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, na mashine inayoilinda heliamu hiyo isichemke hutegemea maji hayo hayo. Ndani ya chila, kompresa huisukuma gesi ya kupozea. Gesi hubeba joto kutoka kwenye maji na kulitupa nje kupitia mnara wa kupozea.

Kompresa huzungushwa na mota ya umeme. Katika hospitali hii mitambo ilikuwa miwili, kila mmoja ukiwa na mota ya kilowati 200 iliyokaa nje ya kompresa, ikaunganishwa nayo kwa shafti. Mpangilio huo una nafuu yake: mota inaweza kufunguliwa bila kuigusa gesi. Mitambo ambayo mota yake imefungiwa ndani pamoja na gesi huhitaji kwanza gesi yote iondolewe na kuhifadhiwa, nayo ni kazi nyingine kabisa.

Shafti ya mota hukaa juu ya beringi mbili, moja kila upande. Beringi ni pete mbili za chuma kigumu, moja ndani ya nyingine, na katikati yake gololi zinazobingirika. Gololi hizo ndizo zinazoiwezesha rota, yenye uzito wa mamia ya kilo, kuzunguka bila kugusa sehemu isiyozunguka inayoizingira kwa karibu sana. Mota hii huzunguka karibu mara 2,970 kwa dakika. Katika saa 24 hiyo ni mizunguko zaidi ya milioni 4. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kama mara laki moja kwa siku.

Madaktari wa mifupa wana haki ya kuiona beringi kama ndugu wa karibu. Mwingereza John Charnley alipofanikiwa, mwaka 1962, kuunda nyonga bandia ya kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki ngumu, tatizo alilokuwa akipambana nalo lilikuwa lile lile la wahandisi: msuguano, ulainisho, na chembe zinazomeguka kutoka kwenye nyuso zinazosuguana. Kikombe chake cha awali, kilichotengenezwa kwa plastiki laini zaidi, kililika haraka na chembe zake zikawadhuru wagonjwa. Nyonga ya bibi ililika kwa miaka 60 na kitu. Beringi za mota zilikuwa zinalika kwa kasi zaidi.

Anayepiga kelele na aliyenyamaza

Fundi mkuu wa mitambo, mzee aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, alikuwa na desturi ya kupita kila alfajiri akiwa na bisibisi ndefu. Ncha huigusisha kwenye nyumba ya beringi, mpini huuweka sikioni. Ni njia ile ile aliyoigundua daktari Mfaransa René Laennec mwaka 1816 alipokunja karatasi kuwa bomba ili ausikilize moyo wa mgonjwa. Wahandisi siku hizi wana kipima-mtetemo, na hospitali ilikuwa nacho, lakini mzee alisema kipimo humwambia kiasi na sikio humwambia aina.

Mtambo wa kwanza ulikuwa umeanza kunguruma kwa chini chini wiki mbili nyuma. Vipimo vilithibitisha. Kiwango cha kimataifa cha ISO kwa mota ya ukubwa huo iliyofungwa kwenye msingi imara husema mtetemo ulio chini ya milimita 1.4 kwa sekunde ni wa mashine mpya, ukizidi 2.8 mashine isiachwe ifanye kazi kwa muda mrefu, ukizidi 4.5 kuna hatari ya kuharibika. Mota ya kwanza ilishapita 2.8 na ilikuwa inapanda kila siku. Nyumba ya beringi ilikuwa ya moto. Alfajiri ya Jumatatu fundi aliuzima mtambo huo na kuuwasha wa pili, wa akiba, uliokuwa umepumzika kwa miezi saba.

Wa pili ukawaka na kupiga yowe. Sauti kali, kavu, iliyosikika hadi jengo la utawala.

Saa sita mchana kikaitwa kikao. Mganga Mfawidhi alikuwa na ratiba ya upasuaji mezani na hakuwa na subira.

"Mzee, huo wa pili unalia mpaka ofisini kwangu. Rudisheni wa kwanza, tumalize orodha ya wiki hii, kisha mtengeneze wote Jumamosi."

"Daktari, wa pili unalia lakini hauna homa," fundi akajibu. "Wa kwanza ndio mgonjwa."

Mhandisi wa hospitali, binti aliyekuwa na miaka michache kazini, akafafanua. Mtetemo wa mota ya pili haukuzidi 2.8 na ulikuwa haubadiliki tangu alfajiri. Joto la beringi zake lilikuwa la kawaida. Makelele yalitokana na alama zilizokwisha kujichora ndani ya pete wakati mtambo ukiwa umesimama. Ni kovu, si kidonda kinachokua. Mota ya kwanza, kinyume chake, ilikuwa inameguka chuma kutoka ndani. Ikiachwa hadi Jumamosi, beringi inaweza kukwama au kusambaratika, rota ikashuka na kusugua sehemu isiyozunguka, na koili za waya zikaungua. Hapo si suala la siku tatu tena. Mota nzima itapelekwa kusukwa upya, na ni kaskazi.

Mganga Mfawidhi alikaa kimya kidogo. Aliwahi kufanya kazi miaka mingi katika idara ya dharura, na kila aliyefanya kazi huko anajua kwamba mtoto anayelia kwa nguvu walau njia yake ya hewa iko wazi. Anayetisha ni yule aliyelegea mikononi mwa mama yake, ambaye hakuna anayemsikia. Hakuhitaji kuelezwa mara ya pili.

Likabaki swali la mzigo. Majengo mapya yalikuwa yameongezwa, na mtambo mmoja ulitosha usiku lakini si saa nane mchana ya Februari. Wa pili, kwa hali yake, haukupaswa kusukumwa hadi mwisho. Ikaamuliwa kwamba dharura zote na upasuaji wa akina mama wanaojifungua viendelee bila kuguswa, katika vyumba viwili. Upasuaji wa kupangwa, hasa wa kuweka vipandikizi mwilini ambako maambukizi ni janga, usogezwe hadi Ijumaa. Mabomba ya maji baridi yanayokwenda jengo la utawala, ukumbi wa mikutano na ofisi zote yafungwe. Wakurugenzi wakafungua madirisha. Inasemekana kikao kile kilikuwa kifupi kuliko vyote vya mwaka ule.

Upasuaji wa mota

Jumanne saa kumi na mbili asubuhi kazi ilianza kwa makufuli. Swichi kuu ya mtambo wa kwanza ilizimwa, na kila mmoja wa mafundi wanne akafunga kufuli lake mwenyewe kwenye swichi hiyo, ufunguo ukakaa mfukoni mwake. Umeme hauwezi kurudishwa mpaka wote wanne wamefungua, hata kama mkubwa gani anapiga simu. Kisha ikapimwa kwa mita kuhakikisha kwamba hakuna umeme, kwa sababu kuzima swichi na kutokuwapo kwa umeme ni mambo mawili tofauti. Wahudumu wa vyumba vya upasuaji wanaotumia orodha ya usalama iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008, ile ya kusimama na kuulizana kabla ya usingizi, kabla ya kisu na kabla ya kutoka chumbani, wangeitambua roho ya jambo hilo papo hapo.

Nyaya tatu za umeme zikawekwa alama kabla ya kufunguliwa. Zikibadilishana nafasi, mota huzunguka kinyume. Kiungo cha shafti kikachorwa mstari ili kirudishwe vile vile. Vibati vyembamba vilivyokuwa chini ya kila mguu wa mota vikahesabiwa, vikafungwa kwa uzi na kuandikwa jina la mguu wake. Mota, yenye uzito unaozidi tani moja, ikanyanyuliwa kwa winchi ya mnyororo na kushushwa kwenye meza ya mbao.

Kifuniko cha upande kilipofunguliwa, ugonjwa ulionekana bila darubini. Grisi ilikuwa ya rangi mbili: upande mmoja ya kahawia, ngumu kama sabuni iliyokaa juani, upande mwingine nyembamba inayotiririka kama mafuta ya taa. Kwa miaka kadhaa wakandarasi tofauti walikuwa wameongeza grisi kila mmoja na ya kwake. Grisi si mafuta tu. Ni mafuta yaliyoshikwa ndani ya kitu mfano wa sifongo, na sifongo hizo ni za aina mbalimbali. Iliyotengenezwa kwa lithiamu na iliyotengenezwa kwa poliurea mara nyingi hazipatani: zikichanganywa hulegea au huganda, na gololi hubaki bila ulainisho. Kila moja peke yake ni dawa nzuri. Mfamasia yeyote ana kisa chake cha namna hiyo, cha mgonjwa aliyepewa dawa mbili nzuri na waganga wawili wasiojuana.

Beringi za zamani zilitolewa kwa kifaa cha kuvutia ambacho mafundi hukiita pula. Pete ya ndani ilikuwa imemeguka sehemu yenye upana wa ukucha.

Hapo ikatokea kuchelewa ambako hakukutarajiwa. Stoo ilikuwa na beringi mpya za namba 6316, namba ile ile iliyo kwenye kibati cha mota. Tarakimu mbili za mwisho, 16, zikizidishwa kwa 5 hutoa 80, yaani tundu la milimita 80. Kila fundi anajua. Lakini kibati cha mota kilisema 6316 C3, na zilizokuwa stoo hazikuwa na C3. Alama hiyo ina maana ya nafasi ya ziada kati ya gololi na pete, nafasi inayohitajika kwa sababu ndani ya mota pete ya ndani hupata joto na kutanuka zaidi ya ile ya nje. Ikifungwa isiyo na C3 itazunguka vizuri sana siku ya kwanza, kisha itajibana. Mtunza stoo alisema tofauti ni herufi moja tu. Fundi akamuuliza kama angemwekea mkewe damu ya kundi lenye herufi tofauti moja tu.

Beringi sahihi zilipatikana mjini jioni, kwa muuzaji anayefahamika. Tahadhari hiyo haikuwa ya bure: beringi bandia zipo sokoni kama dawa bandia zilivyopo, zikiwa na boksi zuri na nembo iliyonakiliwa, na haziwezi kutambuliwa kwa macho ya kawaida. Bei ya chini mno huwa ndiyo dalili ya kwanza.

Jumatano ikawa siku ya usafi. Meza ikafutwa, milango ikafungwa, feni ya chumba ikazimwa isirushe vumbi. Beringi mpya zikaachwa ndani ya karatasi zake mpaka dakika ya mwisho. Mafuta membamba yanayozikinga na kutu hayakuoshwa, ingawa kuna mafundi wanaopenda kuziosha kwa petroli wakidhani wanafanya wema. Chembe ya mchanga isiyoonekana ikikaa kati ya gololi na pete itakanyagwa mara milioni kwa siku. Shafti ilipimwa kwa maikrometa sehemu kadhaa kuhakikisha kwamba haijalika.

Kisha ikaja hatua inayoharibu beringi nyingi kuliko zote. Pete ya ndani hutengenezwa iwe ndogo kidogo kuliko shafti ili ikishaingia ishike. Fundi mwenye haraka huchukua nyundo. Akipiga pete ya nje, nguvu yote hupita kwenye gololi na kuacha vishimo kwenye njia zake, na beringi huwa imekufa kabla haijazaliwa. Mzee alitumia hita ya sumaku, akaipasha beringi hadi nyuzi 110, wala si zaidi ya 120, kwani joto kali hubadilisha ugumu wa chuma. Kutoka joto la chumba hadi hapo, tundu la milimita 80 hutanuka kwa kama milimita 0.08, unene wa unywele. Unatosha. Beringi iliteleza juu ya shafti kwa mikono miwili yenye glovu, ikagota mwisho wake, na mzee akaishikilia pale kwa dakika kadhaa mpaka ilipopoa na kushika. Vijana walikuwa wanatazama bila kuzungumza.

Grisi ya zamani ilikuwa imesafishwa yote. Mpya, ya aina moja iliyotajwa na mtengenezaji, iliwekwa kiasi cha theluthi hadi nusu ya nafasi iliyo wazi. Kujaza pomoni ni kosa la kawaida la watu wenye nia njema. Grisi ikizidi, gololi huichuruza na kuichemsha. Aina na kiasi vikaandikwa kwa rangi juu ya mota yenyewe, kama mzio unavyoandikwa juu ya jalada la faili la mgonjwa.

Alhamisi mota ilirudishwa kitandani pake. Ilibaki kuzilinganisha shafti mbili, ya mota na ya kompresa, zikae kwenye mstari mmoja. Kwa kasi hiyo, kosa linalovumilika ni kama milimita 0.05. Kifaa cha leza kilitumika, na kazi ya kuongeza na kupunguza vibati chini ya miguu ilichukua saa tano. Ndiyo kazi isiyo na mvuto kuliko zote na ndiyo inayorukwa pale mkubwa anapokuja kusimama mlangoni. Beringi mpya iliyofungwa kwenye mota isiyolingana hubeba mzigo usio wake. Na kanuni ya gololi ni kwamba mzigo ukiongezeka maradufu, maisha ya beringi hupungua mara nane. Mganga Mfawidhi alikuja saa nane, akasimama mlangoni, akaona, akaondoka bila kuuliza itakwisha lini.

Mota iliwashwa kwanza ikiwa peke yake, bila kuunganishwa, kuona upande inaozungukia. Joto la beringi lilipanda kwa muda kisha likatulia, kama inavyotarajiwa grisi mpya inapojipanga. Mtetemo ulikuwa chini ya 1.4. Makufuli manne yalikuwa yameondolewa na wenyewe wanne.

Kabla mtambo haujapewa mzigo kulikuwa na kazi moja ya afya ya jamii. Maji ya mnara wa kupozea yalikuwa yamesimama siku nne kwenye joto. Maji vuguvugu yaliyotuama ni makao mazuri ya bakteria wa Legionella, waliopata jina baada ya mkutano wa maveterani wa Marekani huko Philadelphia mwaka 1976, ambako wengi waliugua nimonia na baadhi wakafariki. Wakiwa ndani ya ukungu unaorushwa na mnara, hufika mbali. Maji yalitiwa dawa na kuzungushwa kabla feni ya mnara kuwashwa. Hatua hii haimo katika vitabu vingi vya mota, na ndiyo sababu mhudumu wa kudhibiti maambukizi anapaswa kujua siku mtambo unaposimama na siku unaporudi.

Wiki iliyofuata

Bibi alipasuliwa Ijumaa, akiwa wa kwanza kwenye orodha. Siku ya pili alisimamishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, akapiga hatua nne kwa kitembezi, akalalamika kwamba chumba kile ni baridi kama alivyosema.

Mota ya pili ilifunguliwa Jumatatu iliyofuata, na safari hii hakuna upasuaji ulioahirishwa. Ofisi ndizo zilizoendelea kufungua madirisha. Ndani ya pete kulikuwa na vishimo vidogo, vimepangana kwa umbali sawa na gololi zilivyokaa. Kwa miezi saba mtambo jirani ulikuwa ukitetemesha sakafu, na gololi za mota iliyopumzika zilikuwa zikisugua sehemu zile zile, kidogo kidogo, mpaka grisi ikasukumwa kando na chuma kikagusana na chuma. Walioiacha isimame walidhani wanaitunza. Mgonjwa aliyelazwa chali bila kugeuzwa hupata vidonda vya mgongo kwa njia isiyo mbali na hiyo, na muuguzi mkuu, aliyekuja kuangalia kwa udadisi, ndiye aliyelisema hilo kwanza.

Akauliza kama mota nazo haziwezi kugeuzwa. Zinaweza. Mtambo unaopumzika huzungushwa shafti yake kwa mkono kila wiki, na mitambo miwili hupokezana zamu kila baada ya wiki mbili badala ya mmoja kuchoka na mwingine kuoza. Muuguzi mkuu akaomba karatasi, akachora jedwali la aina ile inayotundikwa miguuni pa kitanda: tarehe, saa, aliyegeuza, sahihi. Mzee alilitazama, akasema kwamba linafaa ila limekosa safu ya joto. Likaongezwa, likabandikwa kwenye mlango wa chumba cha mitambo kwa plasta ya hospitali.